Nisaini hati ya bima yaishe?

"Asalaam aleikum. Mwezi uliopita, Jumamosi jioni, nilikuwa natoka na Spacio yangu kwenye maegesho ya duka kubwa moja hapa Kampala. Nilitazama vioo nikarudi nyuma taratibu. Pikapu ikaja kutoka upande wa lango la kutokea, yaani kinyume cha mishale iliyochorwa chini, ikanigonga pembe ya nyuma kushoto. Hakuna aliyeumia. Dereva alishuka anafoka, watu wakajaa, na kwa kuwa nilikuwa na watoto ndani ya gari nikasaini karatasi aliyoiandika juu ya boneti kwamba 'nimemgonga na nitamtengenezea'. Jioni ileile nilimpigia kijana aliyeniuzia bima, akaniambia nisijali. Ofisini kwao nilifika baada ya siku tisa maana mama alikuwa amelazwa. Nina bima kubwa. Gereji imekadiria shilingi 2,400,000. Kampuni imeniandikia kwamba itanipa 1,200,000 'kwa hisani tu', kwa sababu nilichelewa kuripoti na nilikiri kosa. Mlango wa nyuma wameukataa wakisema ulikuwa umebonyea zamani, bampa na taa watalipa bei ya spea zilizotumika, na ekses yangu, yaani sehemu ninayobeba mwenyewe, ni 300,000. Wameambatanisha hati ya kusaini. Huku mwenye pikapu ananipigia kila siku anataka 1,500,000 na kunitishia polisi. Nimechoka. Nisaini yaishe?"

Waaleikum salaam, dada. Pole na mama, natumaini amesharudi nyumbani.

Nianze na jibu lenyewe ili leo ulale: usisaini. Usiichane pia. Iweke kwenye bahasha, andika juu yake tarehe uliyoipokea, uiache hapo kwanza. Sababu yangu si ile milioni moja na laki mbili. Kiasi tutakipigia hesabu huko mbele, na nitakuambia ukweli kwamba si makato yao yote ni ya dhuluma. Kinachonitia wasiwasi ni yale maneno mawili, "kwa hisani".

Ili uelewe kwa nini, lazima kwanza tukate kamba. Umefunga madai mawili kwa kamba moja, na kampuni imeyaacha yamefungwa hivyohivyo kwa kuwa inafaidika. Dai la kwanza ni la Spacio yako: bampa, taa, buti na mlango. Dai la pili ni la mwenye pikapu juu yako. Ni mambo mawili, na kila moja lina swali lake.

Kwa Spacio, swali la nani ana makosa karibu halina kazi. Bima kubwa, yaani komprehensivu, unailipia ili gari lako litengenezwe hata kama umeligonga mwenyewe kwenye nguzo ya lango lako, mchana kweupe, bila mtu wa kumlaumu. Kuna mambo yanayoweza kuharibu dai, kama kuendesha umelewa au kumpa gari mtu asiye na leseni, lakini kukosea kurudi nyuma si mojawapo. Kwa hiyo wanapokuambia wanakupunguzia fedha za gari lako kwa sababu "ulikiri kosa", wamechukua sababu ya dai la pili wakaibandika kwenye dai la kwanza. Waulize kwa barua: ni kifungu gani cha mkataba kinachosema hivyo?

Kwa pikapu, kosa ndilo kila kitu. Bima kubwa kwa kawaida huwa na sehemu ya kulipia mali ya mtu mwingine uliyoiharibu, hadi kikomo kilichoandikwa ndani ya mkataba. Fungua ule mkataba, tafuta ukurasa huo, uone kikomo chako ni kiasi gani. Kama sehemu hiyo ipo, anayepaswa kumjibu yule bwana ni kampuni yako, si wewe. Nayo kabla ya kutoa shilingi itataka kujua kama kweli wewe ndiye mkosaji, na kwa kiasi gani.

Sasa rudi kwenye "kwa hisani". Kwa lugha ya ofisi za bima maana yake ni hii: umevunja masharti, hatudaiwi kitu, lakini tunakuhurumia. Ukisaini, umekubali yote matatu. Na aliyekubali kwamba alivunja masharti atawaambia nini siku bwana wa pikapu atakapofika na bili yake? Watatoa saini yako kwenye faili na kumwambia arudi kwako. Utakuwa umepokea 1,200,000 kwa mkono wa kulia na kutoa 1,500,000 kwa wa kushoto. Ndiyo maana nakwambia hata wangekupa milioni mbili kwa maneno hayo, ningekushauri uwaambie wayafute kwanza.

Soma pia mstari wa mwisho wa hati hiyo. Karibu kila hati ya kupokea malipo ina sentensi inayosema kwamba haya ni malipo kamili na ya mwisho, na hutadai tena. Sentensi hiyo si pambo. Fundi akifungua bampa akakuta chuma cha ndani kimepinda, na kwa Spacio iliyopigwa pembeni hilo si ajabu, utalipa mwenyewe. Mkataba wote umeandikwa Kiingereza cha mawakili, na watu wetu wengi, hata waliosoma, hutia saini kwa aibu ya kuuliza. Uliza. Mwambie ofisa akueleze sentensi moja moja kwa lugha unayoielewa, na kama una mpwa au jirani anayejua mambo haya, nenda naye.

Tuje kwenye kuchelewa. Siku tisa ni nyingi, sitakuficha. Mikataba humtaka mteja atoe taarifa mapema iwezekanavyo au ndani ya siku zilizotajwa, na sharti hilo lina akili yake: kampuni inataka kuliona gari kabla halijaguswa na kuwapata mashahidi kabla hawajasahau. Lakini umeniandikia jambo moja ambalo huenda hukujua uzito wake. Jioni ileile ulimpigia kijana aliyekuuzia bima. Yule kijana ni nani hasa?

Kuna wakala na kuna dalali wa bima, na watu huwachanganya kwa sababu wote wawili huja na tabasamu moja na fomu zilezile. Wakala anaifanyia kazi kampuni, kwa hiyo taarifa uliyompa yeye una haki ya kusema umeipa kampuni. Dalali anakufanyia kazi wewe, hivyo kumwambia yeye si sawa na kuwaambia wao, ingawa ukipata hasara kwa sababu alizembea kupeleka taarifa, yeye naye ana la kujibu. Wote wawili lazima wawe na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, ambayo wengi tunaijua kwa jina la IRA, na Mamlaka hutoa orodha ya wenye leseni. Tafuta jina lake humo. Akiwa ni wakala, hoja ya siku tisa inadhoofika sana: uliripoti siku ya ajali, kilichochelewa ni karatasi.

Utahitaji ushahidi wa simu hiyo. Fungua simu yako sasa hivi, tafuta tarehe ile, upige picha ya skrini inayoonyesha namba, saa na dakika mlizoongea. Kama mliandikiana WhatsApp, usifute hata "sawa" yake. Simu ikiwa imeshafuta kumbukumbu, nenda dukani kwa kampuni ya simu na kitambulisho chako uombe orodha ya simu ulizopiga. Na karatasi ya hospitali ya mama, yenye tarehe ya kulazwa, weka nakala kwenye faili. Haikuondolei sharti, lakini inaonyesha hukukaa kijiweni ukipunga upepo.

Kuna swali jingine la kuwauliza kwa upole: kuchelewa kwangu kumewaumiza vipi? Gari lilikuwa halijatengenezwa. Mkadiriaji wao aliliona likiwa na majeraha yake yote. Dereva wa pili wanamjua, namba yake wanayo. Hakuna walichokikosa katika siku tisa, labda picha za kamera, na hizo nazo nitazisemea hapa chini.

Ile karatasi ya boneti sasa. Ulikosea kuisaini, na unajua. Karibu kila mkataba unakataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila ruhusa ya kampuni. Lakini karatasi hiyo si hukumu. Umeisaini umezungukwa na watu, watoto wanalia ndani ya gari, mbele ya mwanamume anayefoka. Haielezi ajali ilitokeaje, inasema tu "nimemgonga". Anayeipima ataiangalia pamoja na ushahidi mwingine, ikiwemo ile mishale ya chini. Usiikane wala usidai hukuisaini. Eleza kwa maandishi ilivyotokea, uwape kampuni nakala kama unayo.

Na kosa lenyewe likoje? Nasikia kila siku kwamba "anayerudi nyuma ana makosa siku zote". Hapana. Anayerudi nyuma ana mzigo mkubwa zaidi wa kuangalia, kwa sababu anaingia kwenye njia ambayo wengine wanapita, na hapo hutakwepa kabisa. Lakini aliyekuja kinyume cha mishale alikuja upande ambao hakuna dereva makini anayetegemea gari litokee. Mishale ya maegesho haikuwekwa na serikali, ila inaonyesha mtu mwangalifu alipaswa kupita vipi pale. Kosa linaweza kugawanywa, na kwa hadithi yako ningeshangaa kama lingemwangukia mmoja wenu lote. Tuseme, kwa mfano tu, mmegawana nusu kwa nusu: dai lake la 1,500,000 linakuwa 750,000, na hapo ni kabla hajaonyesha risiti hata moja. Nawe pia una haki ya kumdai nusu ya hasara ambayo bima haikukulipa, kama ile ekses.

Hapa nisimame kidogo kwenye ile stika ya kioo cha mbele, maana najua mtu atakushauri uidai "thadi pati yake", yaani bima ya mtu wa tatu. Usipoteze nauli. Thadi pati ya lazima hapa Uganda, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1989, hulipia mwili wa binadamu: kifo na majeraha. Bampa hailipii, yako wala yake. Tena hata kwa binadamu kikomo chake ni kidogo mno, shilingi milioni moja kwa mtu mmoja na milioni kumi kwa ajali nzima. Watu hununua stika hiyo miaka nenda rudi wakiamini wamekata bima ya gari. Kama bwana wa pikapu ana hiyo peke yake, basi gari lake halina bima, na ndiyo maana anakupigia wewe kila siku badala ya kuwapigia watu wake.

Na lile bango la maegesho linalosema unaegesha kwa hatari yako mwenyewe? Mwenye duka ameliandika kujikinga yeye. Kati yako na dereva mwenzako halibadilishi kitu.

Sasa mlango, ambao kwa kweli ndio uliofanya nikae chini kukujibu kwa kirefu. Nimekagua magari yaliyogongwa kwa miaka mingi, na neno "uharibifu wa zamani" nimeliandika mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mara nyingi lilikuwa kweli. Watu huja na gari lililogongwa mbele wakitumaini bima itawanyooshea na ile fenda ya tangu mwaka juzi. Lakini niliwahi kulikosea vibaya. Ilikuwa Jinja, mzee mmoja muuza samaki, mlango wa Corona yake umejaa vumbi jekundu ndani ya bonde la bati. Niliona vumbi, nikaandika "zamani", nikafunga daftari. Mzee hakugombana. Alichota maji kwenye kopo, akalowesha kitambaa, akapiga goti akafuta. Chini ya vumbi chuma kilikuwa kinang'aa kama sarafu mpya. Lile vumbi lilikuwa la siku kumi tu za barabara ya murram. Nilirudia ripoti yangu palepale, na tangu siku hiyo natembea na kitambaa.

Kwa hiyo fanya alivyofanya yule mzee, ila ukiwa na simu mkononi. Asubuhi, jua likiwa la ubavuni, piga picha ya mlango kabla hujaugusa. Halafu futa, upige tena, karibu. Bati lililochubuka juzi, hata likinyeshewa na hizi mvua zetu, hupata kutu nyepesi ya rangi ya machungwa inayofutika kwa kidole. La miaka lina kutu ya kahawia iliyokula chini ya rangi, na kingo za rangi zimevimba kama ngozi iliyoungua. Ukiona hilo la pili, dada, mlango ni wa zamani na ni heri ulikubali sasa kuliko kuaibika mbele ya watu.

Ukiona la kwanza, endelea. Chukua utepe wa fundi cherehani, pima kutoka ardhini hadi katikati ya mchubuko wa mlango, kisha pima hadi alama ya pembe ya nyuma. Pikapu nyingi zina chuma cha mbele kilicho juu kuliko bampa ya Spacio. Kama alama zote mbili ziko kimo kimoja, chuma hichohicho ndicho kilichopita. Tazama pia mkwaruzo umeelekea wapi. Wewe ulikuwa unarudi nyuma, kwa hiyo chuma kilichokugusa pembeni kingeburuza kuelekea mbele ya gari lako, kutoka pembe hadi mlangoni. Na mwisho tafuta rangi yake. Gari likigusana na gari huachiana rangi kama watu wanavyoachiana mafua. Hata alama ndogo ya rangi ya pikapu kwenye mlango wako inazungumza kuliko barua yangu yote hii. Usiipake nta, usiisugue, usimpe fundi. Kama una picha yoyote ya zamani ya gari, ya harusi, ya Idi, ya watoto wamesimama kando yake, inayoonyesha mlango ule ukiwa mzima, hiyo ni dhahabu.

Kuhusu bampa na taa kulipwa bei ya spea zilizotumika, hapa niko nusu upande wao. Bima inakurudisha pale ulipokuwa dakika moja kabla ya ajali, haikupandishi juu yake. Spacio yako haikutoka kiwandani mwaka huu, na taa yake haikuwa mpya. Lakini haki hiyo ina pande mbili. Wakisema bampa inapatikana kwa bei fulani, waonyeshe inapopatikana. Tembea mwenyewe hadi soko la Kisekka, ulizia maduka matatu bampa na taa ya kushoto ya gari la mwaka wako, andika bei ulizotajiwa. Ukikuta bei yao ni ya kweli, liache hilo. Ukikuta hakuna anayeuza kwa bei hiyo, waandikie: "Nakubali spea iliyotumika, nileteeni." Mara nyingi bei hupanda yenyewe.

Tupige hesabu sasa. Kwa barua uliyoniambatanishia, gereji ilikuwa na bampa 550,000, taa 250,000, kunyoosha buti 600,000, mlango 600,000, rangi na kazi 400,000. Jumla 2,400,000. Wao wametoa mlango, zikabaki 1,800,000. Wamekata 300,000 kwenye bampa na taa, zikabaki 1,500,000. Wametoa ekses 300,000, ikawa 1,200,000. Ekses ni halali, ndiyo sehemu uliyokubali kuibeba mwenyewe ulipokata bima. Makato ya spea yanazungumzika. Mlango, ukithibitika ni wa ajali hii, unarudi wote. Maana yake unachokipigania hasa ni 600,000, ufike 1,800,000, na pengine laki nyingine mbili tatu za spea. Kumbuka kiasi hicho kila mtu atakapokuambia uweke wakili. Kwa ugomvi wa laki sita, ada ya wakili inaweza kuumeza mlango na kitasa chake.

Jambo la haraka zaidi ni kamera, na hili nenda kesho. Picha za maegesho hufutwa na mpya huandikwa juu yake, na mwezi umeshapita, huenda tayari zimekwenda. Nenda na barua fupi kwa meneja yenye tarehe, saa na mahali uliposimama, umwombe azihifadhi. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuomba taarifa zinazokuhusu. Akisita kukukabidhi kwa sababu wengine wanaonekana, msisitize azitunze tu, polisi au kampuni watazifuata. Waulize pia askari wa langoni waliokuwa zamu. Askari hukumbuka gari lililoingilia pa kutokea, kwa sababu wao ndio hulipigia filimbi.

Hukuniandikia kama ulikwenda polisi. Kama hukwenda, nenda dawati la trafiki la kituo kinachohusika na eneo lile, hata sasa. Wapo wanaodhani eneo la binafsi halina trafiki; kampuni ya bima itataka ripoti hata hivyo, na huenda ikataka pia gari lipitiwe na inspekta wa magari. Sema ukweli na tarehe halisi. Lipia unachotakiwa kulipia kwa namba ya malipo ya serikali, uchukue risiti. Vitisho vya bwana wa pikapu vitapungua makali hapo, kwa sababu polisi huchunguza kosa la barabarani. Nani amlipe nani na kiasi gani si afande anayeamua.

Ukiwa na hayo mkononi, andika barua kwa meneja wa madai. Iwe fupi, kwa Kiingereza maana faili lao ni la Kiingereza, na mpwa wako akusaidie. Sema hukubali neno "hisani". Sema uliripoti siku ya ajali kwa fulani, ambatanisha ushahidi. Omba nakala ya ripoti ya mkadiriaji na vifungu wanavyotegemea. Omba mlango ukaguliwe upya wewe ukiwepo. Mwisho wape dai la pikapu walishughulikie kwa mujibu wa mkataba. Peleka nakala mbili, moja wapige muhuri na tarehe, urudi nayo. Barua isiyo na muhuri wa mapokezi ni kama hukuiandika.

Wakikaa kimya au wakikataa, kuna dawati la malalamiko la IRA, Legacy Towers, barabara ya Kyadondo, Nakasero. Hulipi kitu. Watataka kuona kwamba ulianza na kampuni yenyewe, ndiyo sababu ya muhuri. Huita pande zote mbili na kuzisikiliza. Nimewaona maofisa wa madai waliokuwa wakali sana kwenye simu wakawa wapole ghafla barua ya Mamlaka ilipofika mezani. Hiyo haimaanishi kwamba utashinda kila hoja. Mlango ukionekana wa zamani, Mamlaka haitaufanya mpya.

Mahakama ni njia ya mbali kwa kiasi hiki. Utasikia habari za utaratibu wa madai madogo, yasiyozidi milioni kumi, usio na mawakili. Ni mzuri, lakini uliwekwa kwa madeni, kodi za pango na bidhaa zilizouzwa, na ajali haiingii humo kirahisi. Isipokuwa mtu akisaini kwamba anadaiwa kiasi fulani: hapo ajali inageuka deni. Umeona sasa kwa nini sitaki usaini karatasi nyingine ya yule bwana? Ya kwanza haikutaja fedha. Ya pili ataitaja.

Akipiga tena, mjibu mara moja kwa ujumbe wa maandishi, bila hasira: dai lako liandikie kampuni yangu ya bima, ambatanisha makadirio, picha na ripoti ya polisi, namba ya mkataba ni hii. Baada ya hapo si lazima upokee kila simu. Usimtumie "kidogo cha kuanzia" kwa simu, hata elfu hamsini, maana kesho itakuwa ushahidi kwamba umekubali zote.

Kuna mambo matatu yakitokea uache kusoma majibu ya watu kama mimi, uende kwa mtu ana kwa ana. Ukipewa hati ya kuitwa mahakamani, una siku 15 tu za kujibu tangu uipokee. Ipeleke kwa kampuni siku hiyohiyo uwaachie nakala, na kama hawakuhakikishii kwa maandishi kwamba wanakutetea, muone wakili au mradi wa msaada wa kisheria wa Chama cha Mawakili cha Uganda. Polisi wakikuita kuandika maelezo, nenda, lakini nenda na mtu. Na kama wewe au mtoto yeyote aliyekuwa ndani ya gari anaanza kulalamika shingo au mgongo, hata kama siku ile mlisema hakuna aliyeumia, mpelekeni hospitali na mtunze karatasi zote. Hilo litakuwa dai jingine kabisa, la mwili, na ile stika niliyokuambia usiihangaikie ndipo itakapokuwa na kazi.